Bakuli Lililorudi Tupu

Nilipohamishiwa Mtwara kufundisha, nilipanga chumba Magomeni kwa mwanamke aliyekuwa akinenepesha mabiharusi. Dalali hakunieleza hivyo. Aliniambia nyumba ni tulivu, maji hayakatiki, na mama mwenye nyumba hana maneno. Maji kweli hayakukatika. Lakini Bi Somoe alikuwa na maneno tangu alfajiri mpaka watu wanaingia kulala, na mengi yalihusu mwili wangu. Mimi ni mtu wa Mbinga, mwembamba kama mama yangu, na kila aliponiona natoka kwenda shule alitikisa kichwa akauliza huko kwetu watu wanakula nini.

"Mwalimu Jesca," aliniambia wiki ya kwanza, "wewe ungekuwa binti yangu, ningekufungia ndani."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaona chumba cha uani chenye pazia zito, na binti wa watu amekaa mle kwenye mkeka, ngozi inang'aa kwa liwa, manukato ya mti yaliyosagwa na kupakwa mwilini, mkononi kikombe kikubwa cha uji. Huyo alikuwa bi harusi mtarajiwa. Mtwara binti anayekaribia kuolewa huwekwa ndani, asipigwe na jua, asishike kazi, afundwe mambo ya nyumba, na alishwe. Mafunzo wanawake wengi wanayaweza. Kwenye kulisha ndipo Bi Somoe alipokuwa na jina lake, hata watu wa Likombe na vijiji vya njia ya Kilambo waliwaleta binti zao kwake.

Uji wake ulikuwa wa unga wa mchele na korosho zilizotwangwa, uliopikwa kwa tui zito la nazi, kisha ukatiwa sukari bila huruma. Binti aliunywa asubuhi na usiku. Katikati kulikuwa na wali wa nazi, maandazi, chai iliyokolea sukari mpaka midomo inanata, na soda zilizoletwa na mashangazi waliokuja kumtazama. Mimi mwenyewe niliunywa uji ule, nisiseme uongo. Ulikuwa mtamu mno, na nikishakunywa nilikuwa nalala mbele ya madaftari ya watoto.

Kipimo cha kazi yake kilikuwa uzi wa shanga nyekundu na nyeupe alioachiwa na bibi yake. Ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku binti anaingia, alivishwa kiunoni na ncha zikafungwa vizuri. Siku ncha zikikataa kukutana, zikabaki zimeachana kwa upana wa kiganja, Bi Somoe alipiga kigelegele na majirani wakajua kazi imekwisha. Nilimuuliza mara moja, kwani binti akiwa mwembamba kuna ubaya gani. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto.

Ubaya aliujua yeye. Alizaliwa kijijini karibu na mdomo wa Ruvuma, kwa watu wa mihogo na mikorosho, akaolewa mwaka wa njaa. Mwaka huo walikula kisamvu bila nazi, kunde zilizobaki, na ming'oko, mizizi kama viazi vyembamba, waliyoichimba porini. Alipofikishwa kwa mume, wifi zake walicheka mbele yake wakasema wameletewa ufito wa kujengea banda. Mume naye hakumtetea. Hakupata mtoto, na mwishowe alirudishwa kwao na kanga zake mbili. Tangu hapo aliamini kwamba mwanamke aliyeshiba haonewi. Sukari kwao ilionekana harusini na msibani tu, kwa hiyo kumtilia mtu sukari nyingi ilikuwa ndiyo namna yake ya kusema nakupenda. Namna nyingine hakuijua.

Mtu aliyempenda kuliko wote alikuwa Farida, mtoto wa mdogo wake. Huyo mdogo wake aliitwa Asumini, na alikufa Farida akiwa bado anatambaa. Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, kila mtu akasema amekanyaga kitu alichotegewa. Bi Somoe akamchukua mtoto, akamlea chini ya picha ya mama yake iliyotundikwa ukutani, na Farida akakua akimwita Mamkubwa. Nilimkuta ni msichana wa duka la vitambaa, mwepesi, mcheshi, ambaye jioni alipenda kutembea mpaka Shangani na kurudi kwa miguu. Tukawa marafiki. Alikuwa akiniletea vipande vya vitambaa vilivyobaki na habari za mjini.

Alipoposwa na Faraji, dereva wa lori la korosho, Bi Somoe alikuwa kama mtu aliyengoja siku hiyo maisha yake yote. Mabiharusi wengine walikaa ndani mwezi. Farida alikaa msimu mzima wa korosho. Sukari ilinunuliwa kwa gunia. Duka la vitambaa liliachwa, matembezi ya Shangani yakaachwa, na nilipopita dirishani Farida alininong'oneza kuwa magoti yanamuuma na amechoka kunywa vitu vitamu, anatamani maji matupu. Nilimwambia avumilie, harusi ni siku moja. Siku ya kupimwa, ncha za ushanga ziliachana kwa zaidi ya viganja viwili. Majirani walijaa uani. Sijawahi kumwona Bi Somoe ana furaha kama siku ile, na picha yake hiyo ndiyo inayoniuma zaidi sasa.

Farida alihamia Likombe kwa mumewe na akashika mimba papo hapo. Mamkubwa wake hakuacha. Uji uliendelea kwenda Likombe kila asubuhi kwa pikipiki ya Kassimu, mzee mmoja wa bodaboda mwenye maneno mengi kuliko mafuta, ukiwa ndani ya bakuli la bati lenye maua mekundu na kifuniko chake. Na kila bakuli liliporudi halikurudi tupu, maana hapa mtu akikuletea chakula humrudishii chombo kitupu. Farida alitia ndimu mbili, au chumvi ya mawe, au kiganja cha korosho. Bi Somoe alifunua kifuniko kwanza kabla hata ya kumsalimia Kassimu.

Kliniki Farida na Mamkubwa wake walikwenda pamoja. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Rozalia, mwanamke mtaratibu ambaye huwezi kumharakisha. Aliuliza kama kwenye ukoo kuna mtu mwenye ugonjwa wa sukari. Bi Somoe akajibu kabla Farida hajafungua mdomo kwamba hakuna, na kwa akili yake alisema kweli, kwa sababu Asumini alikufa kwa kidonda. Muuguzi akapima, akaelezwa kuwa uzito wa Farida ulipanda sana katika muda mfupi kabla ya mimba, akamtaka arudi asubuhi ya siku nyingine bila kula wala kunywa chochote kitamu, apimwe sukari.

Hilo la kutokula ndilo lililoharibu. Usiku wa kuamkia siku hiyo Farida alilala kwetu ili waondoke mapema, na alfajiri nikiwa nachota maji nikamwona Bi Somoe anamshikisha kikombe. Farida alisema amekatazwa. Mamkubwa akasema mjamzito hatoki nyumbani kwake na njaa, kwamba huo wa kumfungisha mwenye mimba ni utaratibu wa watu wasiozaa, na kikombe kimoja hakiwezi kujulikana. Farida akanywa, kwani angemkatalia vipi. Kliniki waliulizwa, wakasema kweli, wakaambiwa warudi siku nyingine. Siku nyingine mvua ilinyesha. Kisha ukaja msiba kijijini. Kisha ikawa haisemwi tena.

Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa mkubwa mno, kichwa kilitoka na mabega yakakwama, na pamoja na yote waliyoyafanya watu wa hospitali alipumua kidogo tu, akaacha. Nilikuwa nimesimama nje na Faraji. Tulipoingia, Farida amelala ameelekea ukutani na mtoto amefunikwa kanga pembeni. Bi Somoe akafunua ile kanga. Sijui alikuwa anajiliwaza au ulimi ulikwenda wenyewe kwa mazoea ya miaka, lakini alisema, "Mtoto alivyoshiba hivi, jamani. Mtoto mzuri alivyoshiba."

Farida akageuka. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Mamkubwa," alisema, "sitakula tena kitu cha mkono wako."

Baada ya maziko, Bi Somoe alikwenda mwenyewe kwa Rozalia, akaniomba nimsindikize maana aliogopa hatasikia vizuri. Muuguzi alimweleza polepole. Kuna sukari inayopanda wakati wa mimba, na inaweza kumpata hata mwembamba, kwa hiyo asidhani uji peke yake ndio uliomuua mtoto. Lakini mwili unaoingia kwenye mimba umeshanenepa haraka, umezoea vitu vitamu kila siku na haufanyi kazi wala kutembea, unajiweka karibu zaidi na hatari hiyo. Sukari ya mama humfikia mtoto, naye huongezeka kupita kiasi. Ndiyo maana chakula cha kabla ya mimba nacho ni habari ya mtoto, alisema, na ndiyo maana wanapima. Kisha akauliza tena kuhusu ukoo, safari hii akauliza vingine, kama kuna aliyekuwa na kiu isiyokwisha, au kidonda kilichokataa kupona.

 Bi Somoe akasema, "Asumini alikuwa anakunywa maji mtungi mzima." Nikamshika mkono.

Katika yote aliyoambiwa alitoka na neno moja tu, uji. Nilibishana naye njia nzima. Nilimkumbusha habari ya ukoo, na kwamba muuguzi kasema si uji peke yake. Ni kama nilikuwa naongea na jiwe la kusagia. Mimi huwa sina subira na mtu anayeng'ang'ania lawama, inafika mahali naona ni majivuno ya namna nyingine, na siku ile nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi namhesabia haki kwa sababu nilikuwa nakunywa uji wenyewe. 

Aliacha mabiharusi. Akina mama walikuja na mabinti zao na kilemba, ile fedha ya heshima ya fundi, akawarudisha mlangoni. Wengine walikasirika, wakasema anaringa, wengine wakasema amerogwa. Ushanga aliutoa kwenye msumari, sikujua aliuweka wapi. Chumba cha uani kikawa stoo ya kuni. Wiki kadhaa alikuwa anakaa tu kibarazani, na mtu ukitoka kwenda kazini hakuna hata anayekutukana wembamba wako. Nikagundua kuwa nilikuwa nimeyazoea.

Kisha asubuhi moja nikasikia harufu ya kunde. Alikuwa amerudi kwa Rozalia peke yake, akauliza mwanamke anayetaka kuzaa tena baada ya balaa kama lile anapaswa kula nini kabla hajashika mimba. Akaambiwa mboga za majani, kunde na mbaazi, samaki, ugali wa kiasi, tunda badala ya soda, na miguu itumike. Alirudi amekasirika. Alisema chakula hicho ndicho alichokimbia maisha yake yote, ni chakula cha kijijini kwao, cha mwaka wa njaa, na leo anaambiwa ndicho dawa. Alisema hivyo huku anachambua kisamvu.

Akapika, akatia kwenye lile bakuli la maua mekundu, akamwita Kassimu alipeleke Likombe. Hakutuma salamu. Jioni bakuli likarudi. Alifunua kifuniko. Limeoshwa, limekaushwa kwa kitambaa, na ndani hamna kitu, hata punje ya chumvi.

Mtu wa kwetu huenda angesema ahsante kwa kuliosha. Bi Somoe alilielewa kama lilivyokusudiwa. Alikaa nalo mapajani mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake akapika tena, mchicha na dagaa. Likarudi tupu. Kesho kutwa tena. Ikawa hivyo mvua za masika zikapita, mikorosho ikachanua, ikavunwa, ikapaliliwa, na bakuli lilikwenda na kurudi tupu. Kassimu aliapa kwamba analikabidhi mlangoni, Farida analipokea kimya, anaingia nalo ndani, na yeye zaidi ya hapo haoni. Bi Somoe aliniambia anajua chakula kinamwagiwa kuku wa jirani. Nikamuuliza, sasa kwa nini unapika? Akasema akiacha, Farida atadhani amesahau.

Nilikasirika kwa niaba yake. Jioni moja nikamkuta Farida barabara ya Shangani, anatembea haraka, kanga ameifunga kiunoni, na viatu vya raba. Alikuwa amepungua, uso wake wa zamani umerudi. Tulisalimiana vizuri mpaka nilipoanza hotuba. Nilimwambia yule ni mtu mzima, anaumia, amtilie japo ndimu moja. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Mwalimu," akasema, "wewe hujazaa ukazika." Akaendelea na safari yake. Nilirudi nyumbani sikumwambia Bi Somoe kitu, maana niliona aibu.

Habari za mimba ya pili tulizipata kwa Kassimu. Bi Somoe hakushangilia. Alitaka kujua jambo moja tu, siku ya kupima sukari ni lini. Kassimu aliipeleleza akaileta. Asubuhi ya siku hiyo niliamka nikakuta jiko ni baridi na yeye amekaa chini mlangoni. Nilidhani anaumwa. Akasema leo Farida anakwenda kliniki bila kula, kwa hiyo na yeye hali. Hakupeleka bakuli, hakuonja hata chai, akakaa hivyo mpaka Kassimu alipokuja mchana kusema wamepima. Sukari ilikuwa imepanda kidogo, lakini imeonekana mapema. Rozalia amempangia chakula na matembezi na atakuwa anaifuatilia. Hapo ndipo Bi Somoe alipokunywa maji. Aliyanywa kwa pupa, yakamwagika kifuani.

Mtoto wa kiume akazaliwa salama. Nasi tuliambiwa na Kassimu, kama tunavyoambiwa bei ya samaki. Bakuli likaendelea kwenda.

Arobaini ilipokwisha, Farida akaja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ninafua uani. Aliingia na mtoto mgongoni na bakuli mkononi, akavua viatu, akapiga goti. "Shikamoo, Mamkubwa." Bi Somoe alikuwa anapepeta kunde. Aliitikia marahaba bila kuinua macho, mikono yake inaendelea kupepeta ungo ambao kunde zake zimeshakwisha kumwagika.

Farida akaliweka bakuli kwenye mkeka katikati yao, akafunua kifuniko mwenyewe. Mlikuwa na ming'oko ya kuchemsha, bado ya moto, na chumvi ya pilipili kwenye kikaratasi. Nikataka kuondoka. Farida akaniambia nibaki.

"Nilikula, Mamkubwa," alisema. "Vyote. Hakuna siku nilimwaga. Nilikuwa nakula, naosha, nakurudishia tupu makusudi."

Bi Somoe akauliza kwa nini, kwa sauti ndogo sana ambayo sikuijua.

"Nilipotoka kumzika, maziwa yangu yalijaa na hakuna wa kunyonya. Nilikuwa nayakamulia kwenye kitambaa. Nikataka na wewe uwe unalisha, na hujui kama kuna anayekula."

Nilikuwa nimeshika shati lenye mapovu, yakinidondokea miguuni. Nilitegemea Bi Somoe atajitetea, au atalia, au atamlaani, maana mtu mzima kufanyiwa hivyo si jambo dogo. Alitikisa kichwa tu, polepole, kama mtu anayeambiwa kitu alichokuwa anakijua. Akasema alistahili. Farida akasema hapana, hakustahili yote, lakini lilikuwa limeshaanza na hakujua namna ya kuliacha.

Akamfungua mtoto mgongoni akampa. Bi Somoe alimpokea, akampandisha na kumshusha kidogo mikononi, kama alivyokuwa akifanya kwa kila mtoto aliyeletwa nyumba ile. Nikaona midomo yake inafunguka, nikajua neno lenyewe, mbona mdogo, anataka kushiba huyu. Nikaona analimeza.  Farida naye aliona, na macho yake yakajaa.

 Baadaye Bi Somoe akauliza swali ambalo miaka yote ile hakuliuliza, na mimi pia sikuliuliza.

"Yule mwenzake," alisema, "alikuwa na sura ya nani? Mimi niliangalia unene tu."

"Alikuwa na sura ya mama yangu," Farida akajibu.

Bi Somoe akamlaza mtoto mapajani, akachukua mng'oko mmoja kwenye bakuli, akauchovya kwenye chumvi, akaula taratibu huku machozi yakimshuka. Akamsogezea Farida bakuli, naye akachukua. Walikula mpaka likawa tupu, na mimi nikarudi kufua.